Gari la Dizeli Lisilo na Haraka: Hesabu Zake Kisii na Nyamira

Barabara ya Kisii kwenda Keroka hupanda zaidi kuliko inavyoshuka. Hapo Keumbu si ajabu kukuta magari kumi yamefuatana nyuma ya Peugeot au Mercedes ya miaka ya themanini, inapanda kwa gia ya pili huku bodaboda zikiipita kushoto na kulia. Dereva hana wasiwasi. Alitoka nyumbani mapema, na anajua atafika saa ngapi.

Je, gari kama hilo linafaa kuwa gari la kila siku katika vilima vya Gusii? Wanaolipenda hujibu kwamba dizeli haili pesa. Wanaolichukia hutaja moshi na uchelewaji. Naona pande zote mbili zinachagua hoja dhaifu. Dizeli kuukuu haikuokolei pesa nyingi kwenye pampu ya mafuta, na upole wake si ugonjwa wa kutibiwa. Upole ni sharti la uhai wake: mwenye kuukubali hudumu na gari hilo miaka mingi, na mwenye kulilazimisha liende kasi huliua, tena huwavutisha moshi watu wasiohusika.

Magari yenyewe ni ya vizazi viwili. Kizazi cha kwanza ni cha Peugeot 504, ambayo Wakenya huiita Pijo, pamoja na ndugu yake 505, na Mercedes za 200 D na 240 D. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikawa Gari la Mwaka barani Ulaya 1969, na baadaye ikaunganishwa hapa nchini katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, Mombasa. Sifa yake haikujengwa na matangazo. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na kabla yake Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alikuwa ameshinda kwa 404 miaka ya 1966 na 1967. Magari hayo ya mashindano yalitumia petroli, lakini mwananchi alichokiona ni bodi na springi zinazostahimili matope na mashimo. Pijo ndefu yenye viti vya abiria saba ikawa teksi ya safari za mbali kati ya miji ya magharibi na Nairobi, na mtu aliyestaafu ualimu au aliyeuza kahawa vizuri akatamani kuwa na ya kwake, ile fupi.

Kizazi cha pili kililetwa na meli kutoka Japani, mapema katika miaka ya 1990 Kenya ilipolegeza masharti ya kuingiza magari yaliyotumika: Toyota Corolla zenye injini ya 2C ya sentimita za ujazo 1,974, na Nissan Sunny za dizeli. Kisha mlango ukafungwa. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na Japani yenyewe iliacha kutengeneza magari madogo ya dizeli ya aina hii zamani. Yaliyopo ndiyo hayo hayo. Kila moja linalokatwa chuma chakavu halina wa kulirithi, na ndiyo maana namba za usajili zinazoanza na KA zinazidi kuwa adimu barabarani.

Turudi mlimani, maana kila kitu huanzia hapo. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nyamira inafikia mita 2,000 na zaidi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini ninazozizungumzia hazina tabo ya kusukuma hewa ndani. Hutegemea pistoni zenyewe kuivuta. Mercedes 240 D ya mwisho mwisho ilitoka kiwandani na nguvu farasi 72, na hata kule Ujerumani ilihitaji zaidi ya sekunde 20 kufikia kilomita 100 kwa saa. Ondoa sehemu ya hewa yake, ipakie watu watano na gunia la mbolea, kisha ielekeze vilima vya Kiabonyoru. Hakuna fundi anayeweza kufanya muujiza hapo.

Kinachosahaulika ni kwamba hewa hupungua lakini dizeli haipungui. Pampu ya zamani haina kompyuta ya kuhisi mwinuko. Ikikanyagwa humwaga kiasi kile kile cha mafuta ambacho ingemwaga pwani. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hayaungui yote, na yaliyobaki hutoka kama masizi. Kwa hiyo gari lililopimwa vizuri Mombasa linaweza kutoa moshi mweusi Nyamira bila kuwa bovu. Dawa yake inajulikana: pampu ipunguzwe mafuta kidogo ilingane na hewa ya mahali. Gari litapoteza nguvu kidogo zaidi, na moshi utapungua.

Wenye magari wengi hufanya kinyume. Gari likionekana zito kwenye kilima, fundi huombwa afungue skrubu ya pampu ili limwage zaidi. Kwa wiki chache mwenyewe hufurahi, maana kweli linavuta. Lakini joto ndani ya silinda limepanda, na hedi ya 2C, ambayo inajulikana kwa kupasuka joto likizidi, haina subira. Maji huanza kupungua kwenye radieta bila kuonekana yanakovujia, mwenye gari huongeza maji badala ya kuuliza sababu, na mwishowe hedi huvuliwa. Ukiuliza magari mengi ya dizeli yaliyolala nyuma ya nyumba katika eneo hili yalikufa vipi, hadithi itapita kwenye skrubu hiyo. Ndiyo maana nasema upole ni sharti.

Na upole wenyewe unagharimu nini hapa? Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye eneo dogo lisilo na nafasi tupu. Barabara kuu ni mlolongo wa masoko: ukitoka moja hujafika gia ya juu, umeingia jingine. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa penye vituo vya biashara, na matuta yanataka chini ya hapo. Gari jipya lenye nguvu mara mbili litakupita mlimani, na utalikuta limesimama kwenye msongamano wa kuingia Kisii mjini. Hasara halisi ya upole hutokea katika safari moja tu, ile ya Nairobi, ambako dereva wa dizeli kuukuu hulazimika kukaa nyuma ya lori refu kwa sababu hana nguvu ya kulipita kwa usalama. Anayesafiri hivyo kila wiki asilinunue.

Sasa hesabu ya mafuta, na hapa wapenzi wa dizeli watanisamehe. Tangu Desemba 2010 serikali hutangaza bei ya juu ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, kazi inayofanywa leo na mamlaka ya nishati na petroli, EPRA. Chukua mwezi mgumu, ule ulioanza Oktoba 15, 2023: Nairobi petroli ilikuwa shilingi 217.36 kwa lita na dizeli 205.47. Kisii hutofautiana kidogo na Nairobi kwa sababu ya usafirishaji, ila pengo kati ya petroli na dizeli hubaki karibu vile vile, hapo likiwa chini ya shilingi 12. Tuseme mtu anaendesha kilomita 60 kwa siku, kwenda kazini na kurudi. Mercedes 240 D inayokwenda kilomita 12 kwa lita katika vilima hivi itakunywa lita 5, yaani shilingi 1,027. Toyota Probox ya petroli ikienda kilomita 15 kwa lita itakunywa lita 4, shilingi 869. Mercedes ya dizeli imeshindwa kwa shilingi 158 kila siku. Corolla ya 2C, iliyo nyepesi, ikifikia kilomita 15 kwa lita, italipa shilingi 822; imeishinda Probox, lakini kwa shilingi zisizofika 50. Akiba hiyo ikikusanywa mwaka mzima inaweza kumezwa na ukarabati wa pampu mara moja.

Sababu yake si siri. Wakati wa Pijo, gari la petroli la ukubwa ule lilitumia kabureta na lilikuwa mlafi kweli. Dizeli iliokoa mafuta kwa kiasi kikubwa. Injini ndogo za petroli za leo zimeziba pengo hilo. Msemo wa kwamba dizeli haili pesa umebaki midomoni ingawa magari uliyoyalinganisha yameondoka barabarani.

Basi kwa nini bado ni uamuzi wa busara kwa baadhi ya watu? Kwa sababu ya bei ya kuingia. Gari lililotoka Japani hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT juu ya hayo yote, na mnunuzi wa kawaida hukopa chama cha akiba kulilipia. Anayechukua Corolla ya dizeli kwa jirani hakopi, au hukopa kidogo. Tofauti hiyo ya mtaji ni kubwa kuliko mafuta ya miaka kadhaa. Anayepiga hesabu ya lita peke yake anapima sehemu ndogo ya mzigo.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa popote. Injini ya aina hii ikishawaka karibu haihitaji umeme kuendelea kuzunguka. Dizeli haiwashwi na cheche. Hewa hubanwa zaidi ya mara ishirini mpaka inakuwa moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Umeme mwingi unahitajika asubuhi tu, kupasha zile plagi ambazo mafundi huziita hita, na kuzungusha staata. Mercedes ya pampu ya zamani haina hata waya wa kuiruhusu pampu kufanya kazi. Katika nchi ya vilima, maana yake ni kwamba betri iliyochoka si sababu ya kukosa kwenda kazini: gari huegeshwa likitazama mteremko, na asubuhi linaachiwa liteleze kwa gia ya pili. Baridi ya alfajiri ya Nyamira huifanya kazi hiyo kuwa ngumu kidogo ikiwa hita zimekufa, lakini mteremko huisaidia. Huwezi kufanya hivyo katika Mombasa tambarare, na huwezi kuthubutu na gari la kisasa lenye gia za kujibadilisha.

Uimara wake nao si hadithi ya wazee. Dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha Mercedes 240 D ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6 kabla ya kuikabidhi kwa jumba la makumbusho la kampuni hiyo mwaka 2004. Wanaomtaja husahau kusema kwamba alizungusha injini kadhaa, moja ikifanya kazi nyingine ikikarabatiwa. Habari hiyo yaongeza thamani ya mfano wake, kwa maoni yangu. Injini hizi hazikutengenezwa zisiharibike. Zilitengenezwa zikarabatike.

Na ukarabati ni mtu. Fundi wa jua kali anayejua kusikiliza nozo, kutenga silinda moja baada ya nyingine kwa kulegeza mabomba ya mafuta hadi apate inayokosa, ndiye anayeshikilia mfumo huu wote. Pampu ikichoka kabisa hufunguliwa, ikafungwa kwenye gunia na kupelekwa kwa basi hadi Kisumu au Nairobi ambako kuna mashine ya kuipimia, na spea za kizamani hutafutwa Kirinyaga Road, Nairobi. Kazi kubwa ya namna hiyo husubiri bonasi ya majani chai, ambayo wakulima wa KTDA huipokea karibu Oktoba. Hadi hapo gari huendeshwa kwa uangalifu, au huegeshwa na mwenyewe akapanda matatu. Gari hili hudai muda wa mtu kwa kiasi ambacho hudai pesa zake, na mwenye muda wa kusubiri ndiye linayemfaa. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye lazima afike, hawezi kuishi nalo isipokuwa ana njia nyingine ya kufika.

Vijana wanaojifunza ufundi leo hujifunza kuchomeka kifaa cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Siwalaumu, kazi iko huko. Lakini fundi mzee wa pampu akistaafu bila mwanafunzi, magari yake yote hustaafu naye, na hilo linatokea sasa.

Neno kuhusu mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi adui mkuu wa pampu alikuwa mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha, na pampu za mzunguko kama ile ya 2C hulainishwa na mafuta yale yale yanayopita ndani yake. Zikinyweshwa mchanganyiko huo huliwa kwa ndani. Pampu ya Mercedes 240 D hulainishwa na oili ya injini, ndiyo sababu ilivumilia zaidi. Mwaka 2018 Bunge liliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Katika bei zile za Oktoba 2023 mafuta ya taa yalikuwa shilingi 205.06, karibu sawa kabisa na dizeli, na mchanganyaji hakubaki na cha kuvuna. Maskini wa taa ya koroboi alilipia usafi wa pampu zetu, jambo ambalo wenye magari tungepaswa kulikumbuka. Kabla ya hapo, kuanzia Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyorahisishwa Kenya na kufungwa kwa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa mwaka 2013, maana hakikuweza kutoa dizeli safi kiasi hicho.

Hatari za kuendesha hazizungumzwi vya kutosha. Breki za gari la petroli husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Dizeli ya zamani haina mvuto huo, hivyo hubeba pampu yake ya kufyonza, ambayo kwenye 2C imefungwa nyuma ya altaneta. Pampu hiyo ikichoka, pedeli ya breki huwa ngumu kama jiwe bila dalili nyingine yoyote. Dereva anayezima injini mteremkoni ili kubana mafuta hujinyima msaada huo huo kwa hiari yake, na anayeshusha kwa nyutro hutegemea breki peke yake. Kwenye barabara zinazoshuka kutoka ukingo wa Manga, wakati wa mvua, hayo ni mambo ya kufa na kupona. Isitoshe, dizeli isiyo na kizuizi cha hewa haisaidii kushika gari kama wengi wanavyoamini. Gia ya chini ichaguliwe juu ya kilima, kabla ya kuanza kushuka. Ongeza msururu unaojikusanya nyuma mlimani: dereva wa matatu aliyechoka kusubiri hupita kwenye kona asiyoona mbele. Kisheria kosa ni lake, lakini mwenye gari la polepole anaweza kulizuia kwa kuingia pembeni palipo na nafasi na kuwaacha wapite. Huo ni wajibu. Bima nayo haitamwokoa, kwani kampuni nyingi hazitoi bima kamili kwa gari la umri huu, na mwenyewe hubaki na ile ya kulinda watu wengine tu.

Halafu moshi. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Katika kaunti ya Kisii, yenye watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, ambamo watoto hutembea kwenda shule kando ya lami na mama mboga hukaa hatua mbili kutoka magurudumuni, moshi wa mlimani hauna mahali pa kwenda isipokuwa vifuani mwa watu. Hili ndilo deni ambalo mwenye gari halilipi mwenyewe, na linaniuma kuliko mengine yote. Sioni namna ya kulitetea gari linalofunga barabara kwa weusi, hata liwe la babu na lenye kumbukumbu gani. Lakini pia sioni kwamba ni lazima liwe hivyo: nozo zilizopimwa, chujio la hewa safi, pampu iliyopunguzwa kulingana na mwinuko, na mguu usiokanyaga hadi chini hupunguza masizi mengi. Hayamalizi, ila hupunguza.

Serikali hupenda kuhukumu kwa umri, au kwa bei. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Kwa gari la shilingi 150,000, asilimia hiyo ingekuwa shilingi 3,750, kwa hiyo mwenyewe angelipa zaidi ya kiwango chenyewe, huku mwenye gari la milioni 10 akilipa asilimia moja. Kodi hiyo iliachwa Juni 2024 kabla muswada wote haujaondolewa. Mwaka 2025 ikaja rasimu ya kanuni za ukaguzi inayotaka hata magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe. Naiunga mkono kwa sharti moja: kipimwe kinachodhuru, yaani moshi kwenye bomba na breki kwenye magurudumu, na kipimo cha moshi kifanywe injini ikiwa na mzigo. Gari la 1984 likipita, liachwe. Pickup ya miaka mitano iliyofunguliwa skrubu ikishindwa, isimamishwe.

Anayetaka kulinunua leo, na bado yapo ya kununua Suneka, Keroka na Nyansiongo, alione alfajiri, kabla halijawashwa. Aguse injini ahakikishe ni baridi. Liwake bila kusukumwa, na moshi wake mweupe upotee baada ya dakika chache. Ukiendelea huku maji yakipungua, hedi imekwisha. Wa bluu ni oili, na huo hauponi kwa bei ndogo. Kisha apande nalo kilima kirefu akiwa na watu wanne ndani, mtu mmoja nyuma akiutazama moshi, na wakifika juu akanyage breki mara tatu mfululizo injini ikinguruma, apime kama pedeli inabaki laini. Mwisho amuulize muuzaji ni fundi gani anayeijua pampu yake, na aende akamwone fundi huyo kabla ya kutoa pesa.